Abiria wa Osukuku

Osukuku alifungua ule mpira wa tyubu, na maiti haikuanguka.

Ilibaki imekaa kwenye keria ya baiskeli, koti limefungwa hadi shingoni. Alaso alikuwa ameshanyoosha mikono amdake mumewe. Halafu Echodu, aliyekata roho Tororo, ng'ambo ya mpaka, jana yake, akashuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akaingia nyumbani.

"Mama Adeke," Osukuku akanong'ona, "si ulisema amekufa?"

"Alikufa. Mimi mwenyewe nilimfumba macho."

Usimcheke Alaso. Ilikuwa Pasaka ya mwaka wa tisini na sita, karatasi ya kuvusha maiti haingepatikana mpaka Jumanne, na joto la Malaba halingoji mtu. Ndiyo wakamvalisha marehemu koti na kofia, wakamfunga mgongoni mwa Osukuku, boda boda wa mtaa wao, wakajichanganya na watu wa soko mchana kweupe. Desturi ya kwao, maiti ikivushwa mto huambiwa: umekufa, tunavuka, twende ukalale kwenu. Lakini darajani askari akakaza macho, akauliza mzee huyo ana nini. Alaso akamwinamia mumewe sikioni na kusema kwa sauti, watu wasikie: "Baba Adeke, jikaze! Ni malaria tu. Utapona. Mtoto anakungoja."

Echodu alisikia, akaamini.

Adeke, binti yao wa pekee, wa miaka sita, alimkimbilia mlangoni. "Baba amerudi!" Echodu akampa mkono. Mtoto akashtuka kidogo, kama aliyegusa maji ya kisimani asubuhi, na Alaso akamvuta haraka nyuma ya sketi yake. Alimgusa tu, akajiambia. Kugusa si kitu.

Majirani walikuja kumpa mgonjwa pole. Echodu akawashika mikono wote, mmoja mmoja. "Niko sawa," akasema kwa kila aliyeuliza, sauti ikitoka mbali. Ugali wake ulikauka kwenye sahani, na nyumba ikaanza kunuka utamu mbaya, wa ndizi zilizosahauliwa kwenye gunia. Alaso hakuwa na macho ya kitu kingine ila kikombe cha Adeke. Kila asubuhi alimpa uji, na kila asubuhi kikombe kikarudi kitupu. Mungu wangu, jinsi alivyoshukuru!

Jumanne akaenda mpakani kumtafuta Osukuku. Akawakuta boda boda wamepanga baiskeli zao kama kawaida, ila hakuna aliyegombania abiria, hakuna aliyetukana, na jua lile la saa saba liliwapiga wanaume waliopandisha mlima na magunia mawili mawili ya mahindi bila tone la jasho, bila kuhema, nzi wakitembea midomoni mwao wala wasiwafukuze, na kila abiria aliyefika alinyooshewa mkono kwanza, akaushika, maana nani hukataa salamu, na Osukuku akageuza shingo polepole, akamwona, akanyoosha wake.

"Karibu, mama. Niko sawa."

Alaso alikimbia. Wacha wewe, alikimbia mpaka Angurai, akarudi na Bibi Ajiko, mganga wa pepo, aliyefika mikono yake ikiwa imefungwa ndani ya leso asije akasalimiwa.

"Nani alimwambia ataishi?" bibi akauliza.

"Mimi."

"Basi ni wewe utamwambia ukweli. Pepo huyo amekaa juu ya neno lako, hana kiti kingine. Na waliomshika wamekufa pia; kila mmoja aambiwe hivyo na mtu wake wa karibu. Mama yake Osukuku nimeshamtuma. Kila atakayeambiwa atalala, na hataamka." Bibi akachungulia ndani. "Mtoto anakula?"

"Anakula!" Alaso akajibu upesi. "Anamaliza kikombe."

Akaingia peke yake. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mumewe. "Baba Adeke, nilikudanganya. Ulikufa Tororo. Mto tumeshavuka, hapa ni kwenu. Lala."

Echodu alimtazama kama msafiri aliyepitishwa kituo chake. "Mbona hukusema mapema?" akauliza. Kisha akajilaza sakafuni, na uozo wa siku nne ukamfikia mara moja.

Walimzika kabla jua halijazama. Alaso alilia kilio kilichochelewa, na ndani ya kilio hicho, haki ya nani, kulikuwa na nafuu. Akaingia kukusanya vitu vya marehemu. Akainua gambuti zake nyuma ya mlango, akaziona nzito, akazipindua.

Uji ulimwagika. Uji wa asubuhi tatu, umechacha, umeota ukungu.

"Sikuwa nasikia njaa, mama," Adeke akasema mlangoni. "Sikutaka ulie."

Nyuma ya mtoto alisimama Bibi Ajiko, mikono ndani ya leso, akingoja. La kusemwa Alaso alilijua.

"Mama, nitapona?"

Alaso akafungua mdomo. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa daraja tu, na sasa alikuwa amesimama tena pale pale katikati. Akamvuta mwanawe kifuani, akaishika mikono yake midogo, baridi, yote miwili.

"Utapona, mama," akasema. "Ni malaria tu."