Walinzi wa Puani

Kipanga aliupiga mlango teke, akaingia, bastola yake ya Glock ikiwa mbele.

Mlinzi wa kwanza alichelewa kugeuka. Risasi moja, akalala. Wa pili aliruka dirishani. Kikasikika kishindo chini, kisha kimya.

Kitandani alikuwa amefungwa kamba mtafiti aliyetumwa kumwokoa. Dripu ilikuwa ikimdondokea mshipani.

Kipanga aliichomoa.

"Wananitia antibayotiki tangu juzi," mtafiti alisema kwa sauti iliyokauka. "Umechelewa, kaka."

Kipanga alijua maana yake. Majasusi wa kigeni walikuwa wameiteketeza maabara pamoja na kila chupa ya bakteria wema, wakaao puani na kuiamsha kinga ya mapafu kabla kirusi cha homa iliyokuwa ikiua watu hakijashika mizizi. Mabwana zao walikuwa na dawa ya bei mbaya ya kuuza; kinga rahisi ingewaharibia soko. Bakteria pekee waliobaki hai walikuwa puani mwa mtafiti, aliyejipulizia mwenyewe ili kuwajaribu. Ndio hao waliokuwa wakiuawa, tone kwa tone.

Na dada yake Kipanga alikuwa nesi katika wodi ya homa ile. Wenzake walishaanza kuanguka.

Redio ikakoroma sikioni; alikuwa mwenzake aliyelinda nje. "Kipanga, gari lao jeusi linakuja."

"Nimesikia."

Alitoa kijiti cha pamba.

"Ingiza puani mpaka ndani kabisa," mtafiti akamwambia. "Usinionee huruma."

Machozi yalimtoka mtafiti, lakini hakusogea. Kijiti kikaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye chombo cha baridi. Kipanga alimkatia kamba, akambeba begani. Kwenye ngazi alifyatua mara mbili. Matairi ya lile gari jeusi yakapasuka, dereva akanyoosha mikono.

Maabara ya siri walikokimbilia ilikuwa chumba cha chini chenye harufu ya spiriti. Baada ya siku mbili, sahani za kuoteshea bakteria, moja baada ya nyingine, zilitoka tupu. Ya mwisho ilikuwa na doa dogo la bakteria hai, kama ncha ya sindano.

Mtafiti hakushangilia. Alimweleza Kipanga kwamba kutoka doa lile hadi dawa ya kupuliza ya kutosha wodi moja ni miezi, tena lisipokufa.

Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa kikosi chao.

"Mtandao wote wa majasusi tumeunasa. Kazi imekwisha."

"Dada yangu?"

"Jana alianza kukohoa. Amelazwa kwenye wodi yake mwenyewe."

Kipanga alikata simu. Alimtakia mtafiti kazi njema, akavaa miwani yake ya jua, akapanda ngazi kuelekea barabarani bila haraka. Kinga ile humfaa asiyeugua bado; kwa dada yake hapakuwa tena na kitu cha kuwahi.