Uso wa Mke wa Mfalme

Binti zangu, mwanamume akikuchora, angalia vizuri kabla hujalia kwa furaha. Qiuyan hakuangalia.

Asubuhi hiyo, kwenye lango la mashariki la kasri la Beijing, wasichana walikuwa wamejaa, wamekodi mavazi ya kifalme ili wapigwe picha. Qiuyan, ambaye kazi yake ni kuwavalisha, alikuwa mbiombio na pini mdomoni. Akamkanyaga kijana mmoja mwenye rangi vidoleni.

"Dada, huo mguu bado nautumia!"

"Basi usiutandaze kama zulia!"

Kijana, Boheng, akacheka. Alikuwa mchoraji wa kunakili michoro ya zamani ya wanawake wa ikulu: huyu anasoma dirishani, yule anacheza na paka. Kufikia mchana walikuwa wanakula matunda yaliyopakwa sukari kwenye kijiti kimoja. Mwezi haujaisha, akamletea mchoro: bibi wa hariri ya kijani, ameketi chumbani nyuma ya pazia.

"Ni wewe, mpenzi."

Qiuyan akalia. Wala hakujiuliza masikio yake makubwa yameenda wapi, na lile pengo la meno.

Jumapili akapelekwa kwa mama wa kijana kula jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama vinavyochemshwa. Ukutani kuna picha ya harusi ya zamani. Uso uleule wa kwenye mchoro!

"Ndiye mimi huyo," mama akasema, kifua mbele. "Marehemu mume wangu alinichora kwenye karatasi ya kufuatishia, ile ambayo wachoraji hupitisha kalamu juu ya mistari yake. Tangu hapo kila mke wa mfalme karakanani kwetu ana sura yangu."

Qiuyan akaweka vijiti chini, akaondoka. Simu ikalia siku nne. Ya tano akapokea.

"Qiuyan wangu, mkono umezoea tu!"

"Basi mkono wako ukamuoe mama yako!"

Akakata.

Wiki ya tatu Boheng akaja langoni na mchoro mpya, aliouchora bila kufuatisha. Wateja wakasogea, mataji yakigongana. Bibi wa ikulu, hariri nyekundu, pini mdomoni, pengo wazi, amemkanyaga mtu.

"Masikio gani haya? Kama milango!"

"Nimeyapunguza, mpenzi."

Qiuyan akacheka, akaziba mdomo.

"Usizibe. Hilo pengo limenitesa siku tatu kulichora."

"Na mama yako kasemaje?"

"Kasema huyu hafanani naye hata kidogo. Kanituma nikuulize utanikubali lini."

"Mwambie akachemshe maji ya jiaozi. Niliondoka na njaa siku ile."

Wameoana, na mchoro uko sebuleni. Ila ninyi wengine, mkichorwa, hesabuni meno kwanza.