Vita Vyetu Katika Kitabu Chembamba

Kitu cha kwanza alichokiona Dévote ni jinsi kijana yule alivyofungua kitabu kuanzia nyuma.

Soko la Tsoka lilikuwa limechemka. Watu walipigana vikumbo kati ya marundo ya mitumba na ndoo za dagaa, naye kijana amechutama mbele ya turubai la vitabu vikuukuu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, tepu ya kupimia nguo shingoni. Alisoma ukurasa wa mwisho, akashusha pumzi, ndipo akarudi mwanzo.

Dévote, msichana asiyezungumza na wageni, alishtukia amesema, "Kaka, kitabu kinaanziwaka ku mukia?"

"Ni ya vita, dada. Mi siingiake mu vita kama sijaona iliisha."

Akacheka, mdomo kauziba kwa ncha ya kitenge chake cha kijani. Ikawa wote wawili wanakaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka: yeye, muuza mitumba, na kijana huyo, Mulenda, fundi cherehani mzaliwa wa Fizi.

"Unapendaka kusoma?"

"Niliachia darasa ya tano."

"Basi nitakusomea. We utanishonea vifungo."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza. Mulenda alikuwa na vitabu vyembamba vya Kiingereza, kila kimoja kimebeba vita vizima, tangu risasi ya kwanza hadi saini ya amani. Alisoma akigeuza Kiswahili, Dévote akishona.

"Bale bazungu balikaa mu mashimo myaka mine juu ya shamba moja?"

"Kama we na rafiki yako Olga mukigombania bomba ya mayi, chérie."

"Mulenda! Nitakudunga sindano!"

Dévote alivipenda vita vya mbali, kwa sababu havikumjua. Vya karibu alivihofu. Mulenda alikuwa mtoto wa kunyonya wakati wanajeshi wa Rwanda walipovuka mpaka wakafika kijijini kwao, wakamchukua baba yake. Hakurudi. Na Dévote alipoulizwa habari za Mzee Gakiza, baba yake mwenyewe, alijibu kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni: "Alikuwa mwalimu, kule Rwanda."

Siku moja simu ililia. Mulenda alikuwa mjini, mtaa wa Area 47, amepeleka mapazia kwa mteja.

"Dévo! Mama wa hapa amenipatia kitabu. Vita yetu! Yote, mu kitabu kimoja!"

Dévote aliacha kukunja nguo. "Iko na picha?"

"Picha, majina ya bakomanda, byote. Kesho tutasoma."

"Réseau ni mubaya, sikusikie," akasema, akakata.

Kesho yake hakwenda. Wala keshokutwa yake. Simu ikilia aliifunika kwa rundo la sweta, na kila alipopita mtu na kitu cha mstatili mkononi, hata kipande cha sabuni, alijificha nyuma ya makoti. Akilini alimwona baba yake kwenye picha, kijana, amevaa sare, na kidole cha Mulenda kikimshukia usoni.

Mulenda naye akawaza kuna mwanamume mwingine. Akapiga kwa simu ya Olga, rafiki yake Dévote, naye Olga akampokeza Dévote.

"Ni Épitace, ule wa kabaza? Njo anakubebaka ku baiskeli yake?"

"Épitace anabebaka magunia yangu."

"Basi ni nani?"

"Hakuna mutu," akajibu akilia.

"Mutu halilie juu ya hakuna mutu, Dévo."

Jumamosi akamtokea mezani kwake, mchana kweupe, macho mekundu, kitabu kwapani. Dévote akainuka akimbie, lakini meza ilimzibia njia.

"Nilikisoma chote," Mulenda alisema taratibu. "Fizi iko mistari mitatu. Kijiji yetu haimo. Papa haimo. Hata mutu mumoja mwenye kuvuka mpaka na bunduki kufika kule, jina yake haimo, ni bakubwa tu. Nililia kama mutoto, na mutu wa kumuambia ni we, na we haushike simu."

"Unisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho, Siku ya Mungu, bazee bangu banakuya kwenu. Nataka nimupe mwalimu, papa yako, mukono, nimuombe binti yake."

Dévote alimtazama. Kitabu kilikuwa kimenyamaza. Angeweza kunyamaza nacho, akaolewa, akazaa, na hakuna karatasi duniani ambayo ingemsuta. Mwanamke mmoja aliuliza bei ya koti, hakumsikia.

"Papa si mwalimu," alisema.

"Nini?"

"Alikuwa musoda, mwanajeshi wa Rwanda, Mulenda. Alivuka. Alifika Fizi. Akilalaka anaita vijiji vya kwenu."

Tepu ilimteleza Mulenda shingoni, ikaanguka mavumbini, asiiokote. Aligeuka kama mtu wa kuondoka, akasimama, halafu akajikalisha kwenye belo la nguo, akimpa Dévote mgongo. Mwanamke wa koti akaondoka zake.

"Juu ya nini unaniambia?" aliuliza bila kugeuka. "Kitabu haikukutaja."

Neno lililomjia Dévote hakuwahi kulitamka, si kwa Mulenda, si kwa mtu yeyote.

"Juu nakupenda," alisema. "Na sitaki umupe papa mukono kama haujui ule mukono ulishika nini."