Siku Gemu Ilipokwisha

Kila siku kengele ya kumaliza zamu ya asubuhi shuleni ilipolia, Kidole hakwenda nyumbani. Alikwenda gereji kwa mjomba wake, fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzipuliza rangi. Hapo angekula, angefanya hesabu zake kwenye meza ya ofisini, na kumsubiri mama yake atoke kazini. Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Ukweli ni kwamba kula alikula, hesabu akaziangalia kwa mbali kama mtu anayemwangalia mbwa asiyemjua, kisha akawasha kompyuta ya binamu yake na kuendelea na gemu.

Jina la Kidole alipewa na mjomba. "Huyu anaendesha magari kwa kidole gumba," alipenda kuwaambia wateja. "Leseni hana, miguu haifiki, ana kidole tu!" Wateja wakicheka, msichana naye alijiona dereva kweli.

Gemu yenyewe ilikuwa ya ujambazi, katika mji mkubwa ambamo unakwenda popote upendapo. Unaiba gari lolote, unagonga chochote. Ukimgonga mtu, anainuka au anatoweka. Polisi wakianza kukufukuza, nyota zinawaka kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Ukijificha vya kutosha, zinafifia zenyewe. Na ukitaka njia ya mkato, unaliingiza gari gereji, unalibadilisha rangi, basi. Polisi wanakupita kama hawajawahi kukuona.

Siku hiyo gemu ilikwisha. Jambazi alimshinda adui wake wa mwisho, akaachwa mjini peke yake, ndani ya jumba lenye bwawa la kuogelea.

"Haya, umeionaje?" binamu aliuliza huku akivaa viatu mlangoni.

"Tamu! Ila mwisho wake umepoa. Jumba analo, magari anayo, lakini hana hata mtu wa kumpigia simu. Nimezunguka mji mzima, hakuna kazi iliyobaki."

"Umewamaliza wote, nani apokee simu?" Binamu alicheka. "Tena hiyo si gemu ya umri wako. Baba akijua nimekuachia, sote wawili tutalala na mapipa ya rangi. Zima. Mimi naenda kununua misasa."

Kidole alizima kompyuta. Vidole vyake havikuzimika. Alitoka uani akiwa na hamu ambayo hakujua aiweke wapi.

Uani palikuwa na gari moja tu, gari la shule, la njano. Dereva wake alikuwa mzee mcheshi aliyeitwa Babu Honi, kwa sababu alipiga honi hata akimwona kuku. Alikuwa amelileta linyooshwe mlango, na mchana huohuo angelichukua kwenda kuwabeba watoto wa chekechea. Mmoja wao alikuwa Kibonge, mdogo wake Kidole, ambaye kila siku alishushwa hapohapo gereji. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye swichi ya kuwashia. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba, anaoga kuondoa vumbi la msasa.

"Nawasha tu," Kidole alijiambia. "Nasikiliza injini, nazima."

Hakujua kwamba gari lilikuwa limeachwa kwenye gia ya nyuma. Alipozungusha ufunguo, liliruka kinyumenyume kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Tairi likakanyaga kipande cha chuma, chuma kikafyatuka na kupiga chini ya gari, ngaa! Bampa likasugua ukuta. Injini ikazima.

Kidole aliganda na usukani mkononi. Kwa jirani, mchomeleaji alikuwa akisaga chuma kwa kelele za kupasua masikio, kwa hiyo hakuna aliyesikia. Alishuka, akazunguka nyuma. Kwenye bampa palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja chake. Akauangalia, na kichwani likamjia jambo moja tu. Rangi.

Alikimbilia rafu, akachukua kopo la rangi ya kupuliza lenye kifuniko cha njano, akapuliza. Njano ile ilikuwa ya kiini cha yai, na gari lilikuwa njano ya ndizi, lakini kwa mtu mwenye hofu njano ni njano. Akakitupa kile chuma nyuma ya mapipa, naye akajibanza hukohuko, akisubiri zile nyota zififie.

Hazikufifia. Kadiri alivyokaa kimya ndivyo moyo ulivyozidi kumpiga. Kila mtu aliyepita njiani alikuwa anakuja kumkamata. Mbona kwenye gemu ilikuwa rahisi vile?

Ndipo alipoona sakafu. Chini ya tairi la nyuma palikuwa na doa dogo bichi, kama la maji. Tone likadondoka, kisha jingine. Alitambaa, akaligusa. Liliteleza baina ya vidole vyake. Maji hayatelezi hivyo. Alikulia kwenye gereji hii. Aliwahi kumsikia mjomba akimkatalia mteja asiondoke kwa sababu ya doa kama hilo. Yalikuwa mafuta ya breki.

"Fundi! Bibi harusi wangu yuko tayari?" Babu Honi alikuwa ameshaingia uani.

"Kapendeza mpaka anaona haya," mjomba alijibu, akitokea nyuma na taulo begani. "Mchukue kabla sijabadili mawazo."

"Wacha niwahi basi. Wale watoto nikichelewa dakika moja, wananila mimi. Hasa yule Kibonge wenu."

Wakacheka. Kidole alisimama nyuma ya mapipa, na kila kicheko kilimchoma. Akisema, mjomba atajua kila kitu, binamu atafokewa na yeye hataingia gereji tena. Asiposema, lile gari litateremka mteremko wa shule, ule mrefu unaoishia njia panda yenye malori, na viti vyote vimejaa watoto. Akilini alimwona Kibonge kwenye kiti chake cha mbele, kaweka pua dirishani. Yeye akigongwa hatainuka kama watu wa kwenye kioo.

Babu Honi aliwasha gari. Likaanza kusogea polepole kuelekea geti.

Kidole alichomoka mbio, akasimama katikati ya geti, mikono ameipanua. Honi ikalia.

"Wewe mtoto, umechoka kuishi?" Babu Honi alitoa kichwa dirishani.

"Breki!" Kidole alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Breki, Babu! Usiende! Niliwasha mimi, likaruka, chuma kikapiga chini! Linavuja! Mjomba, linavuja!"

Mjomba alikuja mbio. Alitupa taulo, akalala chini, akaingia mvunguni. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee, kanyaga breki. Tena. Tena."

Babu Honi akakanyaga. Mara ya kwanza ilishika. Mara ya tatu mguu wake ukazama mpaka chini, kama unakanyaga uji. Mzee alizima injini, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya gari. Hakutania tena. Alikuwa anaangalia upande wa shule.

"Wapigie simu walimu," mjomba alimwambia kwa upole. "Waambie watoto wakae darasani, tunakuja."

Bomba la breki lilikuwa limepasuka. Mjomba alilibadilisha, kisha akamwita Kidole. "Panda kwenye kiti cha dereva."

"Mjomba, naogopa."

"Vizuri. Panda hivyohivyo. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shikilia, unashikilia. Lazima tutoe hewa iliyoingia kwenye bomba, la sivyo breki hazishiki."

Ilibidi akae ukingoni kabisa mwa kiti ndipo mguu ufike. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Sauti ya mjomba ilitoka chini ya gari, na kila mara Kidole alikumbuka kwamba chini ya mguu wake mdogo kuna mtu amelala mvunguni. Alikanyaga kwa meno yaliyoumana, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Mjomba alitoka akijipangusa, akamkalisha kwenye tairi kuukuu.

"Kuwasha gari la watu ni kosa, na utaadhibiwa. Mimi nami nina langu, niliacha funguo mahali pa wazi. Binamu yako naye ana lake, alikuacha peke yako na lile gari, tutaongea. Lakini kilichonitisha si hicho, mwanangu. Kilichonitisha ni kwamba ulichukua rangi." Akaligusa lile bampa la kiini cha yai. "Mimi kazi yangu ni rangi, naijua. Rangi inapendezesha gari. Haiwezi kulisimamisha. Kosa ulilolisema, fundi analitengeneza. Kosa ulilolifunika linaendelea kuvuja hukohuko chini, na atakayeumia ni mtu ambaye hakufanya lolote. Umechelewa kusema, lakini umesema gari likiwa bado getini. Ukiharibu tena, na utaharibu, njoo unikimbilie mimi kwanza, usilikimbilie kopo."

Kidole aliitikia kwa kichwa.

Babu Honi alilijaribu gari uani, mbele na nyuma, kisha akaondoka taratibu. Aliporudi, mlango ulifunguka na Kibonge akaruka chini, amenuna.

"Tumesubiri! Nina njaa!"

Kidole alimkumbatia.

"Unaniminya! Niachie! Dada ana nini huyu?"

Hakumwachia upesi. Na jioni mama yao alipofika, kabla mjomba hajafungua mdomo, Kidole alimpokea mkoba, akamvutia kiti.

"Mama, kaa kwanza," alisema. "Leo nimeharibu gari la watu. Nataka uyasikie kwangu mimi mwenyewe."