Kisagio cha Mti wa Bwawani

Mashine ya kukereza mbao ikizimwa haisimami papo hapo. Mbao huendelea kuzunguka, mwendo ukipungua polepole, hadi itulie yenyewe. Rispah alilijua hilo vizuri, maana tangu atoke chuo cha ufundi hakuwa na kazi nyingine ila hii, katika karakana yake nyuma ya maghala ya mahindi ya Kitale. Kwa hiyo alasiri ile alipobonyeza swichi na mbao ikasimama ghafla, kama iliyodakwa na mkono, alibaki na patasi hewani, akiitazama.

"Ni mkanda," alijiambia. Akaugusa. Mkanda haukuwa na neno.

Alikuwa akikereza kisagio cha pilipili manga, zawadi ya mdogo wake Dinah, aliyehamia nyumba mpya Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma. Dinah alipenda kupika, na kila mara alilalamika kwamba pilipili ya pakiti ni vumbi tu lisilo na harufu. Mbao ilitoka kwa Kipruto, mkulima wa nje ya mji, ambaye alipokuwa akichimba mtaro shambani kwake aliifukua kwenye matope ya bwawa: gogo jeusi, zito, ambalo hata babu yake hakuwahi kulitaja. Rispah alilikausha kivulini tangu mavuno yaliyopita. Bado ukiliwekea kiganja lilikuwa baridi, kama kitu kilichotoka majini saa hiyo hiyo.

Na maranda yake hayakuwaka. Aliyatia jikoni achemshe chai. Yakafuka, yakatoa harufu ya matope na ya nguo zilizosahaulika ndani ya beseni, kisha makaa yote yakazima.

Angeacha hapo. Lakini umbo lilikuwa limeanza kutokea, kiuno chembamba na kichwa cha mviringo, zuri kuliko chochote alichowahi kukereza, na tayari alimwona Dinah akilishika. Akafunga keekee, akaanza kutoboa tundu la katikati, lile la kutilia pilipili. Chuma kilipotokeza upande wa pili, pumzi ilimpiga usoni. Haukuwa upepo wa mashine. Ilikuwa pumzi ndefu, baridi, ya mtu aliyeibana kwa muda mrefu sana.

"Mungu wangu," akasema Rispah.

Hakuisikia sauti yake.

Wangechi, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Unasema nini? Mbona unachezesha mdomo tu?"

Rispah akakohoa, akakohoa tena. Sauti ikarudi, lakini ilikwaruza kama iliyopitishwa kwenye msasa. "Ni vumbi," alisema. Tangu siku hiyo ilibaki hivyo.

Jumamosi akapeleka zawadi Kanduyi. Dinah alipiga vigelegele, akajaza kisagio pilipili, akakizungusha juu ya mayai, krr, krr, na harufu ikapanda hadi wote wakapiga chafya wakicheka. Bintiye Joan, mwenye miaka sita, akadai kwamba kazi ya kusaga ni yake kuanzia leo. Joan alikuwa mtoto wa maneno. Hata akiwa peke yake bafuni ulimsikia akijihadithia. Alikikumbatia kile kisagio, akawa anasaga huku anaimba nyimbo za kanisani.

"Anti," alimwambia Rispah, "hii kitu inanisikiliza."

Wakacheka tena.

Haukupita muda mrefu Dinah akapiga simu. Rispah ilimbidi aibane sikioni na kuziba sikio lingine.

"Dada, unanipata?"

"Kidogo sana. Ongea kwa nguvu."

"Hii ndiyo nguvu. Nimebaki na hii tu." Mnong'ono ukaendelea. "Sauti ya Joan imeisha kabisa. Nimempeleka hospitali, daktari ameangalia koo, ati iko sawa. Na jogoo, Rispah. Jogoo anapanda kwa ukuta, anainua shingo, anafungua mdomo. Hakuna kitu inatoka. Dada, kuja."

Rispah alifika jua likiwa utosini, na kitu cha kwanza kilichomshtua ni kwamba geti, lenye bawaba zilizooza kwa kutu, halikulia alipolisukuma. Akakanyaga kokoto za uani na kokoto hazikusema kitu. Sebuleni televisheni ilikuwa inaonyesha watu wakipiga ngoma na kurukaruka, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na kilichotoka kilikuwa kama mbu aliye mbali. Na mle ndani, ingawa madirisha yote yalikuwa wazi na mchana ulikuwa mkali, mlinuka matope ya chini kabisa ya bwawa, yale ambayo hayajawahi kuona jua. Dinah alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, leso mdomoni.

"Nimeificha, anaipata," alinong'ona. "Nimeitupa kwa moto, moto umezima. Mwangalie."

Joan alikuwa ameketi mezani akizungusha kisagio juu ya sahani tupu. Ndani hamkuwa na pilipili. Hiyo ilikuwa imeisha zamani. Kilichoanguka kilikuwa unga wa kijivu, laini, na kila chembe ilipogusa sahani ilitoa sauti: kwanza Joan mwenyewe, akiimba, akihesabu, akimwita mamake aje amfunge kiatu, halafu Dinah akipiga vigelegele vya siku ile ya zawadi, halafu jogoo, halafu, kwa chini, sauti nzima isiyo na mkwaruzo ambayo Rispah aliitambua kwa baridi iliyompanda mgongoni, ikisema "Mungu wangu", na chini ya hiyo, ikiwa imejifunga nayo kama mzizi na jiwe, sauti nyingine ambayo haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile, ikijaribu yale maneno mawili, ikiyakosea, ikiyarudia, kama mgeni anayejifunza lugha.

Mtoto alikuwa analia bila sauti. Mikono yake haikuacha kuzungusha.

Rispah alimpokonya kisagio, akakifunga ndani ya leso ya Dinah, akaenda nacho moja kwa moja hadi kwa Kipruto. Kipruto alisikiliza, uso ukambadilika, akampeleka kwa shangazi yake Jerono, mama mtu mzima aliyeuza maziwa na kuongoza maombi ya akina mama. Jerono alifungua pembe ya leso, akaifunga upesi.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Haya mambo tuliyaacha. Lakini nyanya yangu alitukataza kuchimba hapo, na huyu Kipruto hakuuliza mtu." Kipruto aliangalia chini. "Wazee walifungia kitu ndani ya huo mti, wakaulaza kwa matope ili kisipate hewa, kisisikie mtu. Kilikuwa hakina mdomo. Wewe mama ukakitoboa. Ukakipa mdomo."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Bado ni wewe utafunga." Akamshika mkono. "Rudisha kwa mashine. Zima stima, zungusha kinyume kwa mkono wako. Kilichoingia mwisho kitatoka kwanza. Ya mtoto itatoka, ya mamake itatoka. Kitaongea na wewe. Usijibu. Hata kikuite na jina, usijibu. Yako iliingia ya kwanza kabisa, iko huko chini na hicho kitu kimeishikilia. Ukiingojea itoke, hicho kitu kitatoka nayo. Umenielewa?"

"Kwa hiyo nifunge kabla yangu haijatoka."

Jerono akamrudishia leso.

Asubuhi iliyofuata wakajifungia karakanani, Jerono akiomba kimya karibu na mlango. Rispah alikuwa amechonga kigingi kutoka kipande kilichobaki cha gogo lile. Aliweka kisagio kwenye mashine, akalishika gurudumu la mashine, akalivuta kinyume. Lilikuwa zito kama analiburuta kutoka matopeni.

Krr. Jogoo akawika, kwa nguvu hadi kioo cha dirisha kikatetemeka. Krr. Sauti ya Joan ikatoka, si kwa wimbo sasa bali kwa kilio, "Anti, niko giza, Anti, si uniambie tu uko hapo, sema tu uko hapo," na Rispah akauma mdomo hadi akaonja damu, akavuta, ikatoka yote, akaihisi ikimpita shavuni ikiwa na joto na kwenda zake. Kisha Dinah, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua, akimwomba maji, akimlaumu kwa nini alimletea kitu hiki nyumbani kwake, na Rispah akavuta huku machozi yanamchirizika hadi shingoni, hadi nayo ikaisha.

Halafu ikaja yake.

"Rispah," ilisema, safi, changa, sauti aliyokuwa akiimbia kwaya. "Mimi ni wewe. Ukinifungia humu utaita nani ukiumia? Utaomba na nini? Vuta mara moja tu. Mara moja."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye gurudumu. Ulitaka kuvuta. Aliuona ukitaka. Akauondoa, akachukua kigingi na nyundo, akakipiga tunduni, na kabla hakijazama vizuri kitu kilipita kati ya vidole vyake, chembamba, baridi, mfano wa upepo wa chini ya mlango. Au alidhani kilipita. Akapiga tena. Karakana ikanyamaza, na simu ikalia mfukoni; alipoiweka sikioni, Joan alikuwa akipiga kelele upande wa pili, "Anti! Anti, naongea! Nisikie!"

Rispah alifungua mdomo amjibu. Haikutoka hata chembe ya sauti.

Kipruto alikizika kile kisagio bwawani, chini sana, akaufukia mtaro wote.

Rispah alizoea. Aliandika kwa simu, alipiga makofi kumwita mtu, na wikendi alikwenda Kanduyi kwa sababu Joan alikuwa ameapa kuongea kwa niaba ya wote wawili. Jumapili moja baada ya kanisa alikuwa jikoni akimenya viazi pamoja na Dinah, dirisha wazi, mtoto akiruka kamba uani karibu na geti. Jua lilikuwa linawaka. Majirani walikuwa wamewasha redio.

"Hodi," akaita mtu barabarani.

Kisu cha Dinah kikasimama. Akageuka polepole akamtazama dadake, mdomo uliofungwa, koo lililotulia, kisha akatazama dirishani, kwa maana sauti ile ilikuwa ya Rispah, safi, changa, bila mkwaruzo wowote.

"Hodi, Joan. Mungu wangu, umekua. Nifungulie."

Uani, kamba ilianguka chini. "Mama!" Joan akapaza sauti kwa furaha, akikimbia. "Mama, Anti amepona! Anti anaongea!"

Rispah aliruka hadi dirishani, viazi vikamwagika, akafungua kinywa kwa nguvu zote alizokuwa nazo mwilini, na kando yake Dinah akapiga ukelele, lakini mtoto alikuwa ameshafika getini, mkono juu ya komeo.

"Karibu," alisema Joan.