Picha ya Brigida

Kila alfajiri ukungu hupanda kutoka baharini hadi Erice, mji wa mlimani kisiwani, na kuingia vichochoroni kabla ya watu kuamka. Tindara na binamu yake Ninfa walikwenda shule wameshikana mikono, wakipapasa kuta za mawe, huku harufu ya vitumbua vya lozi ikiwatangulia. Ninfa alikuwa na macho ya buluu na nywele za rangi ya ndevu za mahindi. Tindara alikuwa maji ya kunde, na nywele zake zilijisokota.

"Huyu Mturuki mmemwokota wapi?" Saro, mtoto wa mwokaji mikate, alizoea kuuliza, maana kule mwenye ngozi iliyoiva aliitwa Mturuki.

Ninfa humtolea ulimi. Tindara hucheka, lakini kicheko chake huishia mdomoni.

Siku moja Mwalimu Lucchese aliwaagiza walete kila mmoja picha ya mzee wa ukoo wake, zibandikwe ukutani. Babu Gaspare, aliyevuna chumvi maisha yake yote kule chini pwani, Trapani, akampa Tindara alipomwendea picha ya Brigida, mama yake yeye babu.

"Itunze kama mboni ya jicho," alisema. "Sina nyingine."

Tindara aliitazama njia nzima ya kurudi mlimani. Ngozi ile, nywele zile, pua ile: ilikuwa kama kujitazama kwenye maji. Alipofika nyumbani akaificha kabatini chini ya nguo. Kisha akaenda kwa muuza vitu vikuukuu, akachagua picha ya mwanamke asiyemjua, mweupe kama maziwa.

"Huyu ni Costanza, mama yake babu," aliwaambia wenzake darasani. "Alikuwa wa damu ya wafalme waliotoka kaskazini."

Saro alirudi kwenye dawati lake. Ninfa alimkazia macho Tindara.

Kwa siku kadhaa Tindara alitembea kama aliye ndotoni. Katika ukungu alimwona Costanza akitangulia, gauni refu likifagia mawe. Lakini kila alipomwita, Costanza hakugeuka.

Jumamosi wazazi walialikwa kuziona picha. Babu Gaspare alipanda basi, kavaa koti lake la harusi, mkononi ana maua ya kumwekea mama yake. Alipita ukuta mzima polepole. Akavaa miwani, akaanza upya.

"Tindara, mama yangu yuko wapi?"

Ulimi wa Tindara ulikwisha kuandaa jibu: imepotea, babu. Akayaona yale maua.

"Nimemficha," alisema. "Nilimwonea haya."

Babu alikaa kwenye dawati, akashika maua kwa mikono miwili.

Tindara alitoka mbio, akapotelea ukunguni. Aliporudi alikuwa akihema, picha kaikumbatia kifuani. Akambandua Costanza, akambandika Brigida.

"Yule simjui," aliwaambia wote. "Nilidanganya. Huyu ndiye wangu."

Ninfa akaja kusimama kando yake. "Na wangu pia. Babu yetu ni mmoja."

Saro aliwatazama, huyu na yule. "Sasa mbona wewe, Ninfa..."

"Mbona nini?" Ninfa akauliza.

Saro akainamisha kichwa. Mwalimu Lucchese akamwekea mkono begani.

"Katika kisiwa hiki walikuja Wagiriki, Waarabu, watu wa kaskazini na Wahispania," alisema. "Wengi walioa hapa, wakazikwa hapa. Tunarithi mengi kwa wazee wetu, na sura ni sehemu ndogo tu. Hata ndugu wa tumbo moja hawagawiwi sawa. Ukimtazama mtu usoni, Saro, hujasoma asili yake."

"Nisamehe, Tindara," Saro alisema kwa sauti ndogo.

Babu aliinuka, akaweka maua chini ya picha. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sura hukuichagua, mwanangu, basi haina aibu. Uongo uliuchagua mwenyewe, na huo ndio wa kuuonea haya. Leo umeutua. Njoo sasa, nikusimulie mama yangu alivyokuwa akicheka."