Simile Baada ya Maji

Jioni ya mwisho ya Aprili, kwetu huku kaskazini ya Uswidi, kila mwanamume mwenye gari la zamani huwa bwana harusi. Magari yenyewe ni ya Kimarekani, marefu, yenye mapezi nyuma na bampa za kung'aa. Msimu mzima wa theluji hulala ghalani yamefunikwa mablanketi, tairi zimeinuliwa zisiguse chini, betri zimehamishiwa ndani ya nyumba zisiuawe na baridi. Jioni hiyo hutolewa. Huendeshwa hadi ziwani, kwenye moto mkubwa wa kuiaga baridi, na wenyewe hupita polepole mbele ya watu, kiwiko nje ya dirisha, ili waonekane.

Mume wangu, Stellan, alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Krismasi. Zamani nilikuwa nafikiri analipenda gari lile kuliko sisi. Siku hizi sifikiri. Najua.

Gari alilihifadhi katika ghala la marehemu bibi yangu, aliyeniachia nyumba na shamba. Jua lilikuwa linazama tulipokwenda kulitoa. Mlango wa ghala haukufunguka. Theluji iliyoyeyuka mchana ilikuwa imeganda tena kizingitini, ikaukamata mlango kwa chini. Stellan akapiga teke, akasukuma kwa bega, akatukana. Kisha akaingia jikoni, akarudi na birika kubwa linalotokota.

Nilikuwa nimepiga goti, namfunga binti yetu Tuva kamba za viatu.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Nimwambie nani, bibie? Barafu?"

"Stellan. Sema."

Kwetu humwagi maji ya moto ardhini kimya kimya. Chini kuna watu. Vittra, ndivyo tunavyowaita. Wana nyumba zao, ng'ombe wao na watoto wao, na ardhi tunayoikanyaga ndiyo paa lao. Ukitaka kumwaga cha moto unapaza sauti: simile, mlioko chini! Unangoja kidogo wawakusanye watoto, ndipo unamwaga. Bibi alifanya hivyo kila alipomwaga maji ya viazi. Mimi hufanya hivyo. Hata mchungaji wa kanisa hufanya, ila yeye husema kwa sauti ya chini. Stellan ni mtu wa kusini, na watu wa kusini hujifanya hawaamini kitu.

Akamwaga.

Mvuke ukapanda hadi usoni. Hapo ndipo aliponigeukia, meno nje, akaguta kama mchukuzi wa sokoni: "Simileee, wajomba! Mzigo unapita!"

Tuva akacheka. Alikuwa na miaka mitano, na baba yake akifanya mzaha lazima acheke.

Mimi nilisikia kitu. Sauti nyembamba... fupi... chini ya kizingiti.

"Bawaba hizo," Stellan akasema.

Mlango ulikuwa haujasogea bado.

Kisha ikaja harufu. Nywele zilizoungua.

Nikasema tubaki nyumbani. "Basi baki," akanijibu, mlango umekwisha kuachia, huku akifunga betri. "Mimi na binti yangu tunakwenda." Nikapanda. Ningemwacha mtoto wangu aende bila mimi?

Gari likakohoa moshi mweusi, likazima, likawaka, likanguruma. Sitalinyima haki yake: lilikuwa zuri. Tukaishika njia ya msituni, misonobari huku na huku, theluji chafu mitaroni. Tuva alikuwa peke yake kiti cha nyuma, kipana kama kitanda, anaimba.

Kwenye kona alisimama mwanamke.

Sketi ya kijivu, shali kichwani, mikononi amekumbatia kitu kilichoviringishwa nguo.

"Usisimame," nikanong'ona.

"Mama wa watu ana kichanga, nimwache kwenye baridi? Acha roho mbaya." Haikuwa huruma. Stellan alipenda wapita njia wavione viti vyake vya ngozi.

Mwanamke akaingia nyuma, kando ya Tuva. Mlango ukafungwa bila sauti. Tuva akaacha kuimba.

Na ile harufu ikajaa garini.

"Unakwenda wapi, mama?" Stellan akauliza.

"Natafuta dawa ya kuungua."

"Pole. Nani kaungua?"

"Mwanangu."

"Maskini! Na nini?"

"Maji." Alinong'ona taratibu, kama mtu anayebembeleza. "Alikuwa amelala mlangoni. Hatukusikia mtu akisema simile." Akakivuta kile kitu karibu na kifua. "Tulisikia baadaye."

Stellan hakucheka tena. Nilimwona masikio yakigeuka meupe. Nikageuka nyuma. Sikuona uso ndani ya zile nguo, ila zilikuwa zinapanda na kushuka... zinapanda na kushuka... kwa pumzi ya kukoroma. Mkono wa mwanamke ulikuwa tayari kichwani kwa Tuva. Unampapasa nywele.

"Aliyemwaga yumo humu," akasema. "Namtaka ajitaje mwenyewe."

Nilifungua kinywa niseme ni mimi. Naapa nilikifungua. Stellan akaniwahi.

"Mtoto," akasema.

Nikamtazama.

"Ni mtoto, mama. Alikuwa anachezea birika. Mtoto hana kosa, sivyo? Nani atamkasirikia mtoto?"

"Baba, si mimi," Tuva akasema kwa sauti ndogo. "Baba, ni wewe."

"Nyamaza, Tuva."

Mwanamke akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyepumzishwa.

"Baba mtu amesema," akanong'ona. "Basi. Mtoto kwa mtoto."

Niliurukia usukani. Gari likayumba, likaingia kwenye theluji ya pembeni, likazima. Nikashuka mbio, nikaufungua mlango wa nyuma.

Tuva alikuwa ameketi peke yake.

Mikono juu ya magoti. Mzima. Hapakuwa na mwanamke, wala nyayo kwenye theluji. Kiti tu kilikuwa kimelowa. Nikamkumbatia, nikamkagua uso, mikono, vidole. Stellan alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Unaona? Hana hata alama! Nilijua mtoto hatamgusa." Akafuta machozi, akalirudisha gari barabarani, akaenda zake ziwani, nasi tumo ndani. Kiwiko nje ya dirisha.

Tuliporudi nyumbani nilimvua mtoto nimwogeshe. Mgongo wote ulikuwa kovu. Ngozi imekunjamana kuanzia shingoni hadi kiunoni, kovu la maji ya moto lililokwisha kupona, kama la miaka mingi. Uso ulikuwa wa Tuva. Sauti ya Tuva. Mgongo wa Tuva naujua, mimi ndiye niliyemzaa, na ule haukuwa mgongo wake.

Asubuhi nilimwonyesha Stellan. Mtu asiyeamini kitu akakumbuka haraka dawa ya wazee: mtoto wa kubadilishiwa na vittra hupigwa, mama yake akasikia uchungu akamrudisha wako. Akavua mkanda. Nilimshika mkono, akanisukuma.

Akapiga.

Mtoto hakulia. Aliinamisha kichwa tu, anasikiliza.

Kilio kilitoka chini ya sakafu ya jikoni.

"Mama! Mama!"

Ni Tuva wangu. Stellan alisikia, na mkono ulikuwa umekwisha kuinuka, akapiga mara ya pili. Na chini... Sitaki kusema nilichosikia.

Tulizing'oa mbao kwa nyundo na kwa kucha. Chini yake palikuwa na udongo. Tukachimba hadi kwenye mwamba, na chini ya mwamba nilimsikia bado, akilia kwa kwikwi, akijibembeleza mwenyewe hadi akanyamaza. Stellan aliwasha gari siku ileile akarudi kwao kusini. Na akae huko. Mimi siwezi kuhama. Nitahamaje, na mtoto wangu yuko chini ya jiko?

Majirani wananisifu kwa malezi. Kweli, sijawahi kumlea Tuva kama ninavyomlea huyu. Namwogesha, namlisha kwa kijiko, nambusu hata pale moyo unapokataa, maana kila anachopata huyu nataka kimfike wangu.

Lakini amekwisha kugundua.

Juzi alitaka peremende kabla ya chakula, nikamwambia angoje. Hakukasirika. Alinitazama machoni, akatia kidole chake mdomoni, akaanza kukiuma. Taratibu.

Chini ya miguu yangu Tuva akapiga ukelele.

Nilikimbilia kabati. Nilimpa peremende zote, nilimmwagia mapajani, nilimpigia magoti nikamwita mwanangu, malaika wangu, tafadhali. Akazitazama. Akanitazama mimi.

Hakuacha kuuma.